Feni ya bafuni inayokaa darini: jinsi ya kuiunganisha na umeme

Feni ya kuvuta hewa ikiwekwa juu ya dari badala ya kubandikwa bafuni, kelele zake hubaki huko huko juu na mota inakuwa mbali na maji. Anayeoga haoni kitu ila grili ya plastiki. Tatizo ni kwamba kazi ya nyaya inaongezeka kidogo. Feni nyingi za aina hii zina taima, yaani kifaa kinachoiacha feni izunguke kwa muda baada ya taa kuzimwa, na taima hairidhiki na waya mmoja wa moto (waya unaoleta umeme). Inataka mbili: mmoja wa kudumu na mwingine unaotoka kwenye swichi ya taa. Ukishajua kila mmoja unapatikana wapi, kazi iliyobaki ni ya bisibisi na subira.

Kabla hujapanda ngazi, fahamu kwamba nchi nyingi hazimruhusu asiye fundi kugusa nyaya za bafuni, au zinataka kazi ikaguliwe ikiisha. Kama huna leseni, au hujawahi kufungua silingi rozi (kile kikombe cha darini taa inapofungwa) ukaelewa unachokiona, mwachie fundi umeme sehemu ya kuunganisha. Kufunga feni, kupitisha bomba la hewa na kulaza kebo unaweza kufanya mwenyewe kabla hajafika, na ukiwa umesoma yanayofuata utajua kama anachofanya kinaeleweka.

Isome feni yako kwanza

Fungua kile kifuniko kidogo cha ubavuni, penye terminali, kabla hata ya kununua kebo. Ukikuta L na N peke yake, hiyo ni feni ya kawaida: taa ikiwaka inazunguka, taa ikizimwa inasimama. Hiyo inahitaji moto wa swichi na nyutro (waya wa kurudishia umeme), basi.

Ukikuta tundu la tatu lenye SL, LS, LT au T, feni ina taima. L ni ya moto wa kudumu, ule unaoendesha mota hata taa ikiwa imezimwa. SL ni ya moto unaotoka kwenye swichi, na kazi yake ni kuiarifu taima kwamba mtu ameingia, na baadaye kwamba ametoka. Feni yenye kihisi cha unyevu nayo inataka moto wa kudumu, na mara nyingi SL kwake ni hiari.

Tafuta pia alama ya mraba ndani ya mraba. Ikiwepo, feni ina kinga maradufu na haihitaji ethi, yaani waya wa usalama unaokwenda ardhini. Hata hivyo usikate waya wa ethi ukautupa. Upeleke mpaka kwenye feni na uufunge peke yake ndani ya konekta, maana atakayebadilisha feni hiyo miaka ijayo anaweza kuleta yenye bodi ya chuma.

Kisha soma lebo. Feni ya bomba la milimita 100 kwa kawaida hula wati 20 hadi 50. Wati 30 kwenye volti 230 ni kama ampea 0.13, kwa hiyo kebo ya milimita mraba 1 inatosha na ya 1.5 imezidi. Kinachopaswa kukupa wasiwasi ni joto. Feni nyingi zimewekewa ukomo wa nyuzi 40, na chini ya paa la bati lililopigwa na jua la mchana dari hupita hapo bila taabu. Iweke chini kabisa, karibu na boriti za dari, isiwe imening'inia karibu na bati.

Kata umeme, kisha usiamini kwamba umekatika

Zima saketi breka inayolisha taa za bafu. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi, kwa sababu moto wa kudumu haupiti kwenye swichi hiyo. Kama sanduku la breka lina nafasi ya kufuli, litie kufuli. Kama halina, bandika karatasi na uwaambie watu wote wa nyumbani, hasa yule ambaye kila taa ikizimika hukimbilia kuinua breka.

Sasa pima, na upime kwa mpangilio huu: jaribu kipimo chako mahali unapojua pana umeme, pima saketi uliyozima, kisha rudi ukipime tena pale penye umeme. Kikikaa kimya mara ya tatu, kipimo kimekufa na vipimo vyote ulivyochukua havina maana. Pima moto kwa nyutro, moto kwa ethi, na nyutro kwa ethi. Ile testa ya bisibisi yenye kitaa ndani usiitegemee hapa. Kitaa chake huwaka kwa umeme mdogo unaopita mwilini mwako kwenda ardhini, na mtu aliyekaa juu ya mbao kavu darini anaweza kugusa waya wenye moto na kitaa kisionyeshe kitu.

Darini kanyaga boriti tu, kwa sababu gipsamu haibebi mtu. Vaa taa ya betri ya kichwani. Na kumbuka kwamba nyaya za saketi nyingine, kama ile ya hita ya maji, huenda zinapita hapo hapo na bado zina umeme.

Kutafuta moto wa kudumu na moto wa swichi

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Kwenye kisanduku cha swichi ya ukutani mara nyingi hakuna nyutro, kwa hiyo mahali panapofaa kuanzia ni juu ya taa ya bafu, kwenye silingi rozi au jointi boksi. Bahati nzuri, hapo ni darini na feni yako iko jirani.

Nyumba nyingi zimefungwa kwa mtindo wa kuruka kutoka taa hadi taa. Kwenye kila taa huingia kebo tatu: moja inaleta umeme, moja inaupeleka taa inayofuata, na moja inashuka kwenye swichi. Ukifungua utaona nyaya zimekaa katika makundi matatu, ukiacha ethi. Kundi la kwanza ni la moto mtupu: moto unaokuja, moto unaoendelea mbele, na waya unaoshuka kwenye swichi. Hapo ndipo moto wa kudumu wa feni unatoka. Kundi la pili ni la nyutro: inayokuja, inayoendelea, na ya balbu. Kundi la tatu ni dogo, lina waya unaorudi kutoka kwenye swichi na ule unaokwenda kwenye balbu. Huo ndio moto wa swichi.

Mtego uko kwenye waya unaorudi kutoka kwenye swichi. Kebo ya swichi ni ya kawaida, yenye kahawia na bluu, au nyekundu na nyeusi kama ni ya zamani, kwa hiyo waya huo unakuja na rangi ya nyutro ilhali swichi ikiwashwa unabeba moto kamili. Fundi makini huuvisha kipande cha rangi ya moto ili atakayefuata asidanganyike. Wengi hawajisumbui. Anayekuja nyuma yao akaunganisha bluu zote pamoja, akiwasha swichi tu, moto na nyutro vinakutana uso kwa uso na breka inaruka.

Usikisie. Umeme ukiwa umezimwa na umepimwa, piga picha mpangilio ulivyo, toa balbu, kisha legeza nyaya na uzitenganishe. Weka multimita kwenye mlio, gusa nyaya mbili za kebo moja, na mtu wa chini awashe na kuzima swichi. Kebo inayolia swichi ikiwashwa na kunyamaza ikizimwa ndiyo ya swichi. Katika hizo mbili, ule uliokuwa kwenye kundi la moto mtupu ndio unaopeleka moto, na mwenzake ndio unaorudisha. Uvishe kipande cha kahawia papo hapo, kabla hujasahau.

Kuhusu rangi, usizitegemee peke yake. Katika mpangilio unaotumika sehemu nyingi leo, moto ni kahawia, nyutro ni bluu, ethi ni kijani chenye mstari wa njano. Mpangilio wa zamani wa Uingereza ulikuwa nyekundu kwa moto na nyeusi kwa nyutro. Rangi mpya zilianza kuruhusiwa huko mwaka 2004, na tangu 2006 kazi mpya haifanywi kwa rangi za zamani. Marekani nyeusi ni moto na nyeupe ni nyutro. Yaani waya mweusi ni nyutro nyumba hii na ni moto nyumba ile, na nyumba iliyofanyiwa matengenezo mara kadhaa inaweza kuwa na mipangilio miwili darini.

Moto wa kudumu, moto wa swichi na nyutro vyote vitoke kwenye saketi ile ile. Kishawishi cha kudokoa moto wa kudumu kutoka kwenye soketi ya chumba cha jirani ni kikubwa, hasa kebo yake ikiwa inapita karibu, lakini ukifanya hivyo feni moja italishwa na breka mbili. Atakayezima moja akidhani yuko salama atakutana na umeme wa nyingine. Na katika nyumba yenye fezi tatu, nyaya mbili za fezi tofauti zina volti 400 kati yao, ndani ya kifuniko kidogo cha plastiki.

Fyuzi na isoleta

Watengenezaji wengi wanataka feni ilindwe na fyuzi ya ampea 3. Watu huiweka kwenye waya wa moto wa kudumu peke yake, na hapo moto wa swichi unabaki unaifikia feni bila kupita kwenye fyuzi. Suluhisho ni kuiweka fyuzi kabla ya taa: umeme upite kwenye fyuzi, ndipo ugawanyike kwenda swichi ya taa na kwenda L ya feni. Kwa njia hiyo moto zote mbili ziko nyuma ya fyuzi moja. Ikikatika, taa ya bafu nayo itazimika, na hiyo si hasara, kwani utajua mara moja.

Isoleta, yaani swichi ya kuitenga feni na umeme, inayofaa ni ile inayokata nyaya tatu kwa pamoja: moto wa kudumu, moto wa swichi na nyutro. Ya nyaya mbili itaacha mmoja wenye umeme, na huo ndio utakaomgusa anayesafisha mapanga. Baadhi ya mafundi huifunga darini kando ya feni. Mimi napendelea iwe nje ya bafu, juu ya mlango, mahali mtu anapoweza kuifikia bila ngazi feni ikianza kupiga kelele usiku. Isiwe ndani karibu na maji. Kiwango cha kimataifa cha IEC kinahesabu eneo lililo juu ya beseni au bafu la manyunyu hadi mita 2.25 kutoka sakafuni, pamoja na sentimita 60 kwenda pembeni, kuwa maeneo ya maji, na swichi ya kawaida haina nafasi humo. Dari yenyewe inaitenga feni na maeneo hayo.

Hakikisha pia saketi hiyo iko chini ya RCD (kifaa kinachokata umeme ukivuja) ya miliampea 30. Kama haiko, huu ndio wakati wa kuiongeza.

Feni na bomba, kwa ufupi

Funga feni juu ya kipande cha ubao kilichopigiliwa kati ya boriti mbili, na uweke vipande vya mpira chini ya miguu yake, la sivyo dari yote itaunguruma kama ngoma. Fuata mshale wa mwelekeo wa hewa. Bomba liwe fupi, lililonyooka, lililofunikwa kwa kizuia joto, na liinamie kidogo upande wa nje ili mvuke unaogeuka maji utiririke nje badala ya kurudi kwenye mota. Lazima litoke nje ya nyumba. Kuiachia hewa yenye unyevu darini ni kuotesha ukungu kwenye mbao.

Hewa inayotoka lazima iingie nyingine, kwa hiyo acha uwazi wa milimita 10 hivi chini ya mlango. Na kama kuna hita ya gesi au jiko la mkaa karibu linalotegemea hewa ya ndani, simama kwanza. Feni inaweza kuuvuta moshi wake urudi ndani ukiwa na kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua. Hilo aliangalie mtaalamu wa gesi kabla hujaendelea.

Kulaza kebo

Kutoka kwenye taa hadi isoleta, na kutoka isoleta hadi feni, utahitaji kebo yenye nyaya tatu pamoja na ethi. Ile bapa inayotumika sana ina kahawia, nyeusi na kijivu, bila bluu yoyote. Amua mpangilio mmoja na uufuate ncha zote. Kwa mfano: kahawia kwa moto wa kudumu, nyeusi kwa moto wa swichi ikiwa imevishwa kipande cha kahawia, na kijivu kwa nyutro ikiwa imevishwa kipande cha bluu. Ethi ya waya mtupu ivishwe mrija wa kijani na njano.

Ibane kwa klipu ubavuni mwa boriti, isilale juu yake ambako mtu atakanyaga. Isiguse vipande vya polistirini: plastiki ya kebo hupoteza ulaini wake kwa kuvigusa, na baada ya muda ganda hukakamaa na kupasuka.

Kuunganisha

1. Anza upande wa feni. Menya ganda la nje kiasi tu cha kuingia kwenye kisanduku, na umenye kila waya milimita 8 hadi 10. Shaba isionekane nje ya terminali, wala skrubu isibane plastiki.
2. Nyutro kwenye N, moto wa kudumu kwenye L, moto wa swichi kwenye SL. Ethi kwenye terminali yake, au ndani ya konekta kama feni haina.
3. Vuta kila waya kwa vidole. Unaochomoka leo ungechomoka baada ya miezi ya mtikisiko wa mota. Kisha kaza kibano cha kebo, kikamate ganda la nje.
4. Isoleta ina jozi tatu. Upande wa kuingilia ni kebo itokayo kwenye taa, upande wa kutokea ni kebo iendayo kwenye feni, kila waya ukivuka kwenda kwa mwenzake. Ethi mbili huungana pamoja.
5. Upande wa taa malizia: moto wa kudumu kwenye kundi la moto mtupu, nyutro kwenye nyutro, moto wa swichi kwenye kundi la balbu, ethi kwenye ethi.

Silingi rozi ikiwa imejaa, usisokomeze. Hamishia viungo kwenye jointi boksi yenye mfuniko, iliyofungwa kwenye boriti na inayofikika. Viungo vya kusokota na kufunga tepu havina nafasi darini. Joto huyeyusha gundi ya tepu na kiungo kinabaki uchi.

Pima kabla ya kuwasha

Hakikisha ethi inaendelea bila kukatika kutoka kwenye taa hadi kwenye feni. Kama kuna kipimo cha kinga ya nyaya, kinachotumia volti 500, ondoa feni na balbu kwanza. Volti hizo huua saketi ndogo ya taima. Matokeo yasipungue megaohmu 1, na kebo mpya hutoa zaidi ya hapo kwa mbali.

Rudisha umeme na ubonyeze kitufe cha RCD uone inakata. Washa taa: feni izunguke, mara moja au baada ya sekunde chache kama ina uchelewesho. Zima taa: iendelee, kisha isimame yenyewe. Muda hurekebishwa kwa skrubu ndogo karibu na terminali, na hugeuzwa isoleta ikiwa imezimwa. Dakika 15 ni mahali pazuri pa kuanzia. Mwisho, peleka kipande cha karatasi ya choo kwenye grili. Kikinata, hewa inavutwa.

Ikigoma

Feni inasimama papo hapo taa ikizimwa: karibu kila mara L na SL zimebadilishana nafasi. Taima inaona ishara wakati wote, lakini mota inapata umeme taa ikiwaka tu.

Taa ya bafu haizimiki kabisa na feni haikomi: L na SL zimeungana mahali fulani. Baadhi ya feni hutoka kiwandani na kiunganishi kidogo cha waya kati ya terminali hizo mbili, na kinatakiwa kuondolewa unapotumia taima.

Feni inanguruma lakini karatasi inaanguka: angalia kama imefungwa kinyume, kama bomba limebonyea, kama kizuizi cha upepo kwenye tundu la nje kimekwama, na kama mlango hauna uwazi chini.

Taa ya LED inabaki na mwanga hafifu hata ikizimwa: hapo mara nyingi ni umeme kidogo unaoruka kati ya nyaya zinazokwenda sambamba kwenye kebo moja, au unaopenya kupitia taima. Jaribu balbu ya aina nyingine kabla ya kufungua kitu. Ikiendelea, rudi kwenye silingi rozi uhakikishe kwamba swichi inakata moto na si nyutro.